Gari Lisilotulia: Injini ya Rotari, Dalili Zake na Haki ya Mnunuzi



Kwa familia nyingi za Adelphi na vitongoji jirani vya Langley Park, Hyattsville na Silver Spring, gari si pambo la mlangoni. Ndilo linalomfikisha baba kwenye zamu ya usiku, mama hospitalini, na watoto madrasa. Ndiyo maana kijana anapoweka akiba miezi kadhaa akanunua gari, akiba ile haiwi yake peke yake. Ni ya nyumba nzima.

Miongoni mwa magari yanayowavutia vijana wetu ni Mazda RX-8. Lina umbo la kupendeza, lina mwendo, na likiwa limekwisha tumika, bei yake huwa ya chini kuliko vile sura yake inavyoonyesha. Bei hiyo ina sababu. Chini ya boneti hamna pistoni. Mna injini ya rotari, ambayo mafundi wengi hawakuizoea na baadhi ya wauzaji hawapendi kuieleza. Malalamiko yake makubwa ni kwamba gari halitulii linaposimama. Hutetemeka kwenye taa nyekundu, mshale wa resi hupanda na kushuka, au injini huzima kabisa katikati ya University Boulevard huku wenye haraka wakipiga honi nyuma.

Tumeona vyema toleo hili tulieleze jambo hilo kwa utaratibu. Hatukusudii kumfanya kila msomaji fundi. Twataka ifahamike kwamba injini ya rotari husema ukweli wake inapopumzika. Anayejua kuisikiliza hatauziwa injini iliyokufa, wala hatashawishiwa kuitupa iliyo hai.

Tanzania, mafundi huiita hali hiyo ya injini kuwaka bila mguu kukanyaga mafuta "sailensi". Nasi tutalitumia neno hilo. Lisichanganywe na sailensa, ile iliyo kwenye bomba la moshi.

INJINI HII NI YA NAMNA GANI

Katika injini ya kawaida, pistoni hupanda na kushuka kama mchi kinuni, na nguvu ile ya kupanda na kushuka hugeuzwa kuwa ya kuzunguka. Mjerumani Felix Wankel, aliyezaliwa mwaka 1902 na kufariki 1988, alitaka mzunguko tangu mwanzo. Injini ya kwanza ya majaribio iliyotokana na fikra zake iliwashwa mwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Mwaka 1961 kampuni ya Kijapani ambayo leo yaitwa Mazda, yenye makao yake Hiroshima, ilitia saini mkataba wa kuitengeneza kwa leseni.

Msomaji afikirie sambusa ya chuma yenye pembe tatu, inazunguka ndani ya chumba ambacho umbo lake lakaribia tarakimu 8 iliyonenepa. Sambusa hiyo ndiyo rota. Kila upande wake, kwa zamu, huvuta hewa na petroli, hubana, huchoma, kisha husukuma moshi nje. Rota ikizunguka mara moja, shafti ya katikati huzunguka mara tatu. RX-8 ina rota mbili, na kila upande wa rota una nafasi ya sentimita za ujazo 654. Ndipo huandikwa kuwa injini ya lita 1.3.

Udhaifu wake uko kwenye ncha za pembe zile tatu. Kila ncha hubeba kipande chembamba cha chuma, mfano wa ubao mwembamba wa kuzibia ufa, kinachokwaruza ukuta wa chumba ili mgandamizo wa upande mmoja usivujie upande wa pili. Vizibo hivyo ndivyo vilivyowasumbua wahandisi wa Mazda. Injini za mwanzo zilichimba mistari ukutani, nao wakaiita makucha ya shetani. Mwaka 1963 Kenichi Yamamoto alikabidhiwa kikosi cha wahandisi 47 kulitatua tatizo hilo, na mwaka 1967 gari la Cosmo Sport likaingia sokoni. Baadaye likaja RX-7, lililotengenezwa tangu 1978 hadi 2002, kisha RX-8, lililokoma mwaka 2012. Katikati ya historia hiyo, mwaka 1991, Mazda 787B yenye rota nne ilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, ushindi wa kwanza wa kampuni ya Kijapani huko. Twayataja haya ili isidhaniwe kuwa injini hii ni takataka. Ni kazi ya watu hodari, ila ina masharti yake.

KWA NINI MARADHI HUONEKANA KWENYE SAILENSI

Mtu mwenye pumu aweza kuzungumza vizuri mchana kutwa, lakini usiku anapolala kifua hulia. Rotari nayo ndivyo ilivyo. Ikienda kwa resi kubwa, kila upande wa rota hupita haraka, na hewa haipati muda wa kuvuja kwenye kizibo kilicholika. Ikipumzika, rota huenda polepole. Tundu lililokuwa dogo hugeuka kuwa kubwa kwa sababu muda wa kuvuja ni mrefu.

Sababu ya pili ni umbo la chumba chenyewe. Ni kirefu na chembamba, na moto hupata shida kukienea wakati hewa ni kidogo. Ndiyo maana kila rota hupewa plagi mbili. Katika RX-7, zaidi ya hayo, tundu la kutolea moshi na lile la kuingizia hewa huwa wazi kwa pamoja kwa muda kidogo, basi moshi wa zamani huchanganyika na hewa mpya, na moto hukosa kushika mara moja moja. Katika RX-8 wahandisi walihamishia tundu la moshi ubavuni na kuuondoa mwingiliano huo. Kwa hiyo RX-7 la zamani likidundadunda kidogo, huenda hiyo ndiyo tabia yake, hasa kama mwenyewe wa awali alipanua matundu kwa ajili ya mashindano. Lakini RX-8 lisilofanyiwa mabadiliko latakiwa kutulia, na lisipotulia lina la kusema.

Tena si kila kelele ni ugonjwa. Asubuhi ya baridi, sailensi huanza juu kisha hushuka injini ikipata joto. Huo ni mpango wa kompyuta. Sauti kama ya mashine ya kufyonza vumbi inayosikika katika RX-8 baada tu ya kuwasha ni pampu ya hewa inayosaidia kusafisha moshi, na hunyamaza baada ya muda mfupi.

UCHUNGUZI KWA MPANGILIO

Kanuni yetu ni ya mwalimu yeyote wa hesabu: usiruke hatua. Anza na lisilo na gharama, malizia na lenye gharama. Mtu akianza kwa kung'oa injini, ameanza mtihani kwa swali la mwisho.

Kabla ya yote, tahadhari. Usichunguze injini inayowaka ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wa gari una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Na wakati wa theluji, fukua kwanza mdomo wa bomba la moshi ndipo uwashe.

Kwanza, uliza ni lini. Andika kwenye karatasi: je, gari hutetemeka likiwa baridi tu, au likipata moto tu, au daima? Je, huzima unapowasha kipoza hewa au unapokata usukani, wakati mzigo wa injini unapoongezeka? Karatasi hiyo itamsaidia fundi kuliko maelezo ya "gari haliko sawa".

Pili, soma alama za kompyuta. Magari yaliyouzwa Marekani tangu mwaka 1996 yana tundu la kuchomekea kisomeo chini ya dashibodi, na baadhi ya maduka ya vipuri husoma bila malipo. P0300 yamaanisha moto haushiki, bila kuonyesha ni wapi. P0171 yamaanisha hewa imezidi petroli. P0506 na P0507 zamaanisha sailensi iko chini au juu mno. Alama hizo ni dalili na si hukumu; hazikuagizi ununue kitu fulani, bali zakuonyesha pa kutazama.

Tatu, tazama moto. Katika RX-8, koili ndizo mshukiwa wa kwanza. Ziko nne, moja kwa kila plagi, nazo huchoka mapema kuliko za magari mengi. Koili ikilegea, gari linamisi, hutetemeka, na harufu ya petroli husikika nyuma. Badilisha koili, waya na plagi kwa pamoja, na usizichanganye plagi: za chini na za juu si aina moja. Fundi asiyeijua rotari aweza kuzipachika kinyume na kukurudishia gari bovu kuliko alivyolipokea.

Hatua hii haifai kuahirishwa. Petroli isiyoungua huenda kuungulia kwenye masega, kile chombo cha kusafishia moshi kilicho chini ya gari. Masega hupata moto mno, huyeyuka na kuziba. Kisha moshi hukosa njia, nguvu hupungua, na joto hurudi kuidhuru injini. Hivyo koili iliyoachwa huleta gharama iliyo kubwa mara nyingi kuliko bei yake. Taa ya injini ikipepesa badala ya kuwaka tu, punguza mwendo, egesha mahali salama, mbali na majani makavu.

Nne, tazama hewa. Mipira midogo ya hewa hukauka na kupasuka kwa miaka, na gasketi hulegea. Hewa isiyopimwa na kompyuta ikipenya, sailensi hupanda na kushuka kama mtu anayetafuta kitu gizani. Njia rahisi ni kutega sikio: shika kipande cha mpira mrefu, ncha moja sikioni, nyingine ipitishe karibu na maungio ya hewa, ukijihadhari na feni na mikanda. Penye tundu utasikia mlio wa kuvuta. Wenye gereji hutumia mashine ya moshi, na ni kazi ya muda mfupi. Hapo hapo tazama ea klina, safisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu, na futa mlango wa hewa unaoshika masizi.

Tano, tazama umeme. Betri dhaifu na waya wa ardhi wenye kutu huiyumbisha kompyuta, tena hupunguza kasi ya stata, na rotari yahitaji kuzungushwa haraka ili iwake. Betri ikifunguliwa na kufungwa upya, sailensi yaweza kuyumba kwa muda kompyuta ikijifunza upya; usikimbilie kubadilisha kitu siku hiyo.

Kuna kosa moja la matumizi la kuonya nyumbani. Gari baridi likiwashwa, likasogezwa hatua chache ili jingine lipite, kisha likazimwa, petroli nyingi hubaki chumbani na kulowesha plagi. Kesho haliwaki. Basi ukiliwasha, liache lipate joto kidogo kabla ya kulizima. Likiwa limekwisha lowa, kanyaga mafuta hadi mwisho wakati stata inazunguka. Kompyuta hukata petroli na hewa hukausha chumba. Zungusha kwa sekunde chache, pumzisha stata, rudia. Lisipowaka, plagi zitolewe zikaushwe.

KIPIMO KINACHOKATA SHAURI

Ikiwa moto ni mzuri, hewa haivuji, umeme ni timamu, na bado gari halitulii, ndipo swali la mwisho huulizwa: je, vizibo vya rota vimelika? Jawabu halipatikani kwa kubahatisha, wala kwa fundi kutikisa kichwa. Hupatikana kwa kipimo cha kompresheni.

Lakini si kipimo chochote. Geji ya kawaida ya injini za pistoni hushika namba moja tu, ile kubwa kuliko zote, hali kila rota ina pande tatu. Upande mmoja ukiwa mzima, utazificha mbili zilizokufa. Yatakiwa mashine ya rotari, inayotoa namba tatu kwa kila rota, jumla sita, pamoja na kasi ya stata wakati wa kupima. Kwa RX-8, kwa kasi ya mizunguko 250 kwa dakika, Mazda iliweka kipimo cha kawaida kuwa kPa 830 na cha chini kabisa kuwa kPa 680, yaani karibu paundi 99 kwa inchi mraba. Tena pande za rota moja zisipishane zaidi ya kPa 150, wala rota mbili zisipishane zaidi ya kPa 100. Mwenye gari adai namba zote sita kwa maandishi. Fundi anayesema "injini imekufa" bila namba hizo hajapima, ameagua.

Dalili moja huja kabla ya kipimo. Rotari iliyochoka huwaka asubuhi ikiwa baridi, lakini ukienda dukani, ukaizima ikiwa moto, ukarudi baada ya dakika kumi, hukataa kuwaka, au huzunguka kwa muda mrefu ndipo iwake. Kuongeza sailensi ili gari lisizime hakuponyi chochote. Ni kumpa mgonjwa kiti ili asionekane anayumba.

KWA ANAYENUNUA NA ANAYEUZA

Zamani mnunuzi alikuwa na pa kukimbilia. Mazda iliongeza dhamana ya injini za RX-8 za mwaka 2004 hadi 2008 ikawa miaka 8 au maili 100,000. Muda huo umekwisha zamani. Injini ikifa leo, mzigo wote ni wa aliyeinunua, nao ni wa maelfu ya dola.

Wengi hujituliza kwa karatasi za serikali. Ni kweli kwamba Maryland hutaka cheti cha ukaguzi wa usalama gari lililotumika linapohamia kwa mwenye mpya, na ina mpango wa kupima moshi. Lakini ukaguzi wa usalama hutazama breki, taa, usukani na mfano wa hayo; hausemi neno juu ya kompresheni. Kipimo cha moshi nacho husoma kompyuta. Kuna wauzaji wanaofuta alama za ugonjwa asubuhi ya siku ya kuuza ili taa ya injini isiwake. Kisomeo kile kile huonyesha kama kompyuta imekamilisha ukaguzi wake wa ndani. Ikiwa haijakamilisha, yawezekana kumbukumbu imefutwa karibuni au betri ilifunguliwa. Muulize muuzaji sababu.

Basi anayenunua afanye haya. Alione gari likiwa baridi, kabla muuzaji hajaliwasha. Aliendeshe nusu saa, alizime, angoje dakika kumi, aliwashe. Akae kwenye sailensi dakika tano bila kukanyaga mafuta, atazame mshale. Alipie kipimo cha rotari kabla ya kulipia gari, na muuzaji akikataa kipimo, ajue amekwisha pewa jawabu. Vilevile aitazame namba ya chasisi kwenye orodha ya shirika la usalama barabarani la serikali, NHTSA, bila malipo, kwa kuwa RX-8 lilikuwamo katika magari yaliyoitwa kubadilishiwa mifuko ya hewa ya Takata, na kasoro ile iliwaua watu.

Na anayeuza je? Hapa twasema kama wazee kwa vijana. Nchi hii humruhusu mtu kumuuzia mwenzake gari "kama lilivyo", na mahakama huenda isimsikilize mnunuzi. Lakini sisi tunayo hukumu nyingine. Muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa yake akanyamaza amemghushi nduguye, na wanazuoni wetu wamempa mnunuzi khiyari ya kurudisha bidhaa anapogundua aibu iliyokuwamo kabla ya kununua. Neno "kama lilivyo" halimsafishi aliyejua. Tena wanunuzi wa magari yetu mara nyingi ni wetu sisi: mgeni aliyewasili karibuni, asiyejua bado barabara wala bei, anayemwamini muuzaji kwa sababu tu amemsalimia kwa Kiswahili. Muuzaji mwenye karatasi ya namba sita aioneshe. Gari lenye injini dhaifu laweza kuuzwa kihalali kwa bei ya injini dhaifu.

JAMAA ZETU NYUMBANI

Wengi wetu huombwa vipuri na jamaa. RX-8 zimeshuka Mombasa na Dar es Salaam pamoja na magari mengine yaliyotumika kutoka Japani. Kwa kuwa Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, zilizoko huko leo ziliingia zamani, nazo zimezeeka. Ukiombwa mzigo, koili na plagi ni vyepesi kubebeka. Lakini mwombe kwanza jamaa yako afuate hatua tulizozitaja na akuletee alama za kompyuta, ili usisafirishe koili kwa gari lenye mpira uliopasuka. Na aliyeko Nairobi, mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, ajue kuwa hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Kipimo cha kompresheni kitasoma chini hata kwa injini iliyo nzima, na fundi apaswa kulihesabu hilo kabla ya kutoa hukumu.

Twawaomba wasomaji waikate kurasa hii na kuiweka ndani ya gari. Kijana wa nyumba yako akisema kesho anakwenda kutazama RX-8, mpe aisome leo, kisha umsindikize.